Tanuru la mahindi likizingua, anza na punje

Haya matanuru ya nyumbani yanayochoma mahindi yaliyopukuchuliwa yana malalamiko yake yale yale, kila mtu anayaleta kwa maneno yake tu: linawaka afu linazima lenyewe, moto upo ila nyumba baridi, auga haizunguki, kioo kimekuwa cheusi tii. Na karibu wote, kabla hata hawajamaliza kueleza, wanauliza watapata wapi bodi mpya ya umeme au mota mpya. Naomba usinunue kitu kwanza. Mimi naamini kabisa, na nimeona mara nyingi mno, kwamba shida nyingi za hili tanuru zinaanzia kwenye mahindi yenyewe, zikitoka hapo zipo kwenye hewa, zikitoka hapo zipo kwenye majivu, na umeme unakuja mwisho kabisa wa foleni. Ukifuata mpangilio huo utaokoa hela na utaokoa usiku wa baridi.

Kwa ambaye bado ni mgeni, mashine yenyewe haina maajabu. Juu kuna hopa unamwaga punje, chini yake kuna auga, ile skrubu ndefu inayozunguka polepole na kusukuma punje kidogo kidogo hadi kwenye chungu cha moto. Kuna feni moja inayovuta hewa ipite kwenye moto na kutoa moshi nje, na kuna feni nyingine haihusiani na moto kabisa, hiyo kazi yake ni kupuliza hewa ya nyumba juu ya mabomba ya moto ili joto lisambae. Hizi feni mbili watu wanazichanganya sana, kwa hiyo nitaziita feni ya moshi na feni ya joto hadi mwisho. Afu kuna swichi kadhaa za usalama ambazo zikihisi kitu hakiko sawa zinakata ulishaji wa punje. Basi.

Sasa mahindi. Punje kavu yenye unyevu wa asilimia 15 inakupa kama megajuli 16 kwa kilo, yaani ukichoma kilo moja kwa saa na tanuru lina ufanisi wa asilimia 80 unapata joto la kama kilowati tatu na nusu. Sio haba. Lakini tanuru linapenda zaidi punje za asilimia 11 hadi 13, na ukipita 15 ndo balaa linaanza. Chukua mahindi ya asilimia 20: kwenye kila kilo 100 unazomwaga kwenye hopa, 20 ni maji, na hayo maji lazima yachemke yote yawe mvuke kabla punje haijakupa chochote, kwa hiyo moto unapambana na maji badala ya kukupasha wewe. Utaona moto umelegea, una rangi ya chungwa iliyofifia, punje zinarundikana kwenye chungu nusu zimeungua nusu bado, bomba la moshi linatoa jasho kwenye maungio, kioo kinapata utando unaonata. Mtu akiona hivyo anaongeza kasi ya ulishaji akidhani moto una njaa, na hapo ndo anauua kabisa manake ameongeza maji mengine.

Kupima unyevu bila kifaa kuna njia ya chumvi ambayo wakulima wanaijua siku nyingi na inafanya kazi vizuri tu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka punje hadi kama theluthi, ongeza chumvi kavu vijiko kadhaa, funga, tikisa vizuri kwa dakika chache afu iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, usichome. Chumvi ikibaki inateleza chini, uko salama. Ukiweza kupata mita ya unyevu nunua, ila chupa na chumvi vinatosha kukuambia ndiyo au hapana. Na tafadhali pima kila shehena mpya, manake mahindi ya mwezi uliopita yakiwa makavu haimaanishi haya ya leo ni makavu, hata kama muuzaji ni yule yule na amekuapia.

Kitu kingine kwenye mahindi ni vumbi na makapi. Yale maganda mepesi mekundu yanayotoka kwenye kitako cha punje, vipande vya magunzi, punje zilizovunjika, na kama ghala limeingiwa na fukusi au dumuzi basi unga kabisa. Unga huu unashuka chini ya hopa, unajikusanya kwenye mlango wa auga, unashindiliwa, na ukikutana na unyevu kidogo unakuwa tope gumu. Vilevile punje zenye unyevu zinashikana juu ya auga zinafanya kama daraja, ukichungulia kwenye hopa unaona mahindi yamejaa ila chini yake kuna shimo tupu na auga inazunguka hewani. Moto umezima kwa njaa huku hopa imejaa! Dawa ni chekecheo tu, pitisha mahindi kwenye wavu kabla ya kumwaga, na kila baada ya muda acha hopa iishe kabisa usafishe chini, usiwe mtu wa kujazia juu juu msimu mzima.

Na kuna mahindi ambayo hutakiwi kuchoma hata kwa bahati mbaya, zile mbegu zilizotiwa dawa, utazijua kwa rangi, za pinki, nyekundu, kijani, bluu. Zile zina viuatilifu, moshi wake ni sumu, na majivu yake pia usitake kuyashika. Hata ukipewa bure kataa.

Ukishaona punje ziko sawa, twende kwenye hewa. Hapa macho yako ndo kipimo kizuri kuliko vyote. Moto mzuri wa mahindi ni wa njano angavu, unacheza, ncha zake ziko safi. Moto mvivu, mrefu, wa chungwa iliyokolea, una ncha nyeusi zinazotoa masizi, huo haupati hewa ya kutosha. Moto mfupi sana unaounguruma na kurusha punje nje ya chungu, huo umezidishiwa hewa, na ukiwa kwenye kiwango cha chini cha ulishaji unaweza ukajipuliza ukazima wenyewe. Kioo nacho kinasema: kikipata utando wa kijivu au kahawia hafifu baada ya siku nzima ni kawaida, kikiwa cheusi ndani ya saa chache hewa imekwama mahali.

Wapi imekwama? Anzia mlangoni. Ule uzi mnene unaozunguka mlango, gasketi, ukichoka hewa inaingia kupitia pembeni badala ya kupita chini ya chungu kwenye punje, kwa hiyo feni ya moshi inafanya kazi yote lakini moto haufaidi. Weka kipande cha karatasi kwenye ukingo wa mlango, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, gasketi imekwisha sehemu hiyo. Zunguka mlango mzima ukivuta karatasi, usijaribu sehemu moja ukaridhika. Mfuniko wa hopa na mlango wa majivu navyo vipime hivyo hivyo, na hasa hopa, manake ukiona moshi unatoka kwenye mahindi basi hewa inavutwa kupitia kwenye auga na moto unaweza kurudi nyuma kufuata punje. Hilo sio la kusubiri kesho.

Baada ya mlango angalia vitundu vya chungu, vinaziba na majivu yaliyoganda, chukua msumari au waya uvizibue kimoja kimoja. Afu bomba la kuingiza hewa ya nje, buibui na majani wanapenda sana huko. Afu bomba la moshi lenyewe. Mahindi hayaleti lami nyingi kama kuni mbichi lakini yanaleta majivu mepesi yanayoruka, yanatua kwenye kona za bomba na kwenye sehemu zilizolala, polepole bomba linapungua upana hadi moto unakosa pumzi na wewe unadhani feni imechoka. Panga za hiyo feni ya moshi pia zinabeba majivu, ziswaki. Na kama nyumba imezibwa vizuri sana, feni ya kutoa hewa jikoni au bafuni inaweza ikashindana na tanuru kuvuta hewa ile ile. Fungua dirisha kidogo uone moto unabadilika, kama unachangamka umeshapata jibu.

Klinka sasa, hii ndo inayowatoa watu jasho kuliko vyote na wengi wanaichukulia kama ugonjwa wa mashine wakati ni tabia ya mahindi. Majivu ya mahindi yana potasiamu na fosforasi nyingi, na mchanganyiko huo unayeyuka kwenye joto la chini kuliko majivu ya mbao. Kwa hiyo katikati ya chungu, pale moto ulipo mkali, majivu hayabaki unga, yanalainika, yanashikana, yanakuwa bonge. Ukilitoa likiwa limepoa ni kama sukari guru iliyoyeyuka ikaganda, rangi ya kijivu cheusi, lina matundu matundu, juu linang'aa kidogo, na likidondoka sakafuni linalia kama kigae. Kama tanuru lako ni la aina inayotegemea klinka, hilo bonge likiumbika vizuri ni jambo zuri, unalivuta na koleo mara moja au mbili kwa siku na moto unaendelea. Kama ni la aina yenye kikorogeo kinachozunguka ndani ya chungu basi bonge halitakiwi kabisa, likikua kubwa kikorogeo kinakwama, mota yake inaguna, na mwisho pini, kile kichuma kinachoiunganisha mota na kile inachozungusha, inakatika.

Klinka ikizidi cha kwanza usipigane nayo kwa nyundo ikiwa imeshika kwenye chungu chenye moto, utapasua chungu. Angalia hewa tena, angalia kama unalisha punje nyingi kuliko moto unavyoweza kula, manake rundo refu la makaa linatunza joto katikati na klinka inanenepa. Afu jaribu maganda ya chaza yaliyosagwa, yale wanayolishwa kuku. Kalsiamu iliyomo inapandisha joto la kuyeyuka kwa majivu, kwa hiyo majivu yanabaki yamemeguka meguka badala ya kuwa kioo. Wengi wanachanganya kama kikombe kimoja kwa kilo 25 za mahindi, usizidishe manake kila unachoongeza kinarudi kuwa majivu ya kuzoa. Kuchanganya na peleti za mbao, vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, nako kunasaidia sana, hasa wakati wa kuwasha, kwa sababu punje ya mahindi ni ngumu kushika moto ikiwa peke yake. Washa na peleti, moto ukishakolea ndo uachie mahindi yaingie. Hata kiwashio cha umeme kikiwa kizima, kwa mahindi matupu kinahangaika, kwa hiyo usikiite kibovu kabla hujakijaribu na peleti.

Ukirekebisha ulishaji au hewa, badilisha kitu kimoja tu afu subiri nusu saa hadi saa nzima. Moto wa mahindi hauna haraka, na mtu anayegusa vitufe vitatu kwa pamoja hatojua kipi kilimsaidia wala kipi kilimharibia.

Haya, punje safi, hewa safi, klinka imetoka, na bado auga haizunguki. Sasa ndo tunaenda kwenye umeme, na jambo la kwanza CHOMOA waya ukutani. Sio kuzima kwa swichi, chomoa, manake kidhibiti joto cha ukutani kinaweza kuita moto wakati mkono wako uko ndani ya auga na ile skrubu ingawa inaenda polepole ina nguvu ya kuvunja kidole. Kama mota inazunguka ila skrubu imesimama, pini imekatika, na pini haikatiki bure, kuna kitu kimekwama, toa mahindi yote utafute, mara nyingi ni kipande cha gunzi, jiwe, au msumari. Kama mota inaguna bila kuzunguka ni kukwama vilevile. Kama mota imenyamaza kabisa usiikimbilie, uliza kwanza kama inapata umeme, manake swichi za usalama zimewekwa makusudi kuikatia.

Na hapa ndo inaingia swichi ya presha, moja ya hizo za usalama. Ni kidude kidogo cha duara kimeunganishwa na mpira mwembamba unaoenda kwenye njia ya moshi. Feni ya moshi ikivuta vizuri swichi inafunga na auga inaruhusiwa kulisha, uvutaji ukipungua swichi inafunguka na auga inasimama. Shemeji yangu alikuwa na tatizo hilo hilo, feni inalia, taa zinawaka, auga kimya, fundi aliyemwita akamwambia bodi imekufa, ikabadilishwa, na tanuru likabaki vile vile. Nilipomwambia avue ule mpira, upande wa tanuru ulikuwa umezibwa na majivu yaliyoshindiliwa, kizibo cha urefu wa kucha, kijivu, kigumu. Akakitoa na waya, akapuliza mpira, akarudisha, auga ikazunguka. Nilikasirika kwa ajili yake, kusema kweli, kwa sababu bodi ni kitu cha mwisho kubadilisha na fundi alianza nacho.

Ukiusafisha huo mpira, uvue kwanza kwenye swichi ndo upulize, ukipuliza ukiwa umeunganishwa unaweza kupasua utando wa ndani. Angalia kama umepasuka au umekakamaa kwa joto. Kujaribu swichi yenyewe, chukua kipande cha mpira safi, nyonya taratibu sana kwa mdomo, utasikia "tik". Weka mita ya umeme kwenye nyaya zake mbili, ikilia ukinyonya na kunyamaza ukiachia, swichi nzima. Kuna watu wanaunganisha nyaya mbili moja kwa moja ili swichi isihusike kabisa na wanaliacha tanuru likiwaka hivyo msimu mzima. Jamani hapana. Siku bomba likiziba, auga itaendelea kulisha na gesi ya kaboni monoksaidi itaingia ndani, haina harufu, haina rangi, na watu wamelala.

Swichi ya joto la juu nayo ina malalamiko ya uongo mengi. Inakata, mtu anabonyeza kitufe inarudi, kesho inakata tena, anasema swichi mbovu. Yenyewe inafanya kazi yake. Uliza kwa nini kunapata joto kupita kiasi: chujio la hewa limejaa vumbi, feni ya joto ina manyoya kwenye panga, au njia za hewa zimefungwa vyumba vingi. Na hiyo hiyo inajibu lile swali la "moto upo nyumba baridi". Mabomba ya kubadilishia joto yakishavaa koti la majivu joto linatoka nje na moshi, kwa hiyo kama tanuru lako lina fimbo ya kukwangulia mabomba, ivute kila siku, ni kazi ya sekunde chache tu.

Mabomba ya moshi nayataja tena kwa sababu ya kutu. Moshi wa mahindi ni mkali kwa chuma kuliko wa peleti, una klorini na asidi, na ukipoa ndani ya bomba unakuwa maji yanayokula chuma kutokea ndani. Bomba la kawaida la peleti linaweza kutoboka, hasa sehemu iliyolala na kwenye maungio. Tafuta bomba la chuma cha pua lililoidhinishwa kwa mahindi, na ukiona michirizi ya kahawia kwenye maungio pitisha tochi uangalie vitundu. Kuliendesha tanuru kiwango cha chini muda wote kunaongeza shida hii, ni bora liwake vizuri lipumzike kuliko lifuke kutwa nzima. King'ora cha kaboni monoksaidi weka karibu na vyumba vya kulala, kijaribu betri. Na majivu yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta wa mbao, manake kaa moja linakaa na moto siku nzima ndani ya majivu bila kuonekana.

Msimu ukiisha usizime tu ukaondoka. Toa punje zote kwenye hopa na kwenye auga, zikibaki zinavuta unyevu, zinavimba, zinaota ukungu, zinakaribisha panya, na zinaishika skrubu hadi utahitaji kuifungua yote. Toa majivu kila kona, kwenye chungu, nyuma ya mabamba, kwenye feni ya moshi, ndani ya bomba, kwa sababu yale majivu yana chumvi zinazonyonya maji hewani na kula chuma miezi yote tanuru limelala. Ukimaliza paka mafuta kidogo sehemu za chuma zilizo wazi, ziba bomba la nje ndege wasijenge, na bandika karatasi kubwa mlangoni inayosema bomba limezibwa, ili atakayewasha mwanzo wa baridi azibue kwanza.